Siku Chelang'at Alipomwaga Majani Yetu

Kwanza acheni kubana majani. Nawaona vijana wa hapa Boito mkichuma, mnajaza kiganja mpaka kinakuwa ngumi, halafu mnarusha nyuma kwa kikapu kama mtu anayetupa matope. Jani la chai linapumua. Ukilibana linapata joto, na likipata joto limeharibika hata kama macho yako bado yanaliona la kijani. Chuma majani mawili na kile kichwa chake kichanga, mkono ukishika kidogo tu, rusha. Mimi nimechuma tangu nikiwa bibi arusi mpaka magoti yangu yalipokataa, na hakuna karani wa kununua majani aliyewahi kunirudishia mzigo kwa sababu ya mkono wangu. Nasema bila aibu. Shule niliachia darasa la tatu nikaenda kulea ndugu zangu, kwa hivyo nisipojisifia majani nitajisifia nini?

Lakini leo habari ya mkono imetosha. Nataka kuwaambia habari ya vichwa.

Mjukuu wangu Cherono, huyu anayefundisha watoto wenye usonji huko mjini Kericho, alikuja nyumbani akaketi jikoni kwangu akanieleza kazi yake. Alisema kuna watu ambao ubongo wao umepangwa kwa njia nyingine. Mmoja hawezi kutulia, mwingine hapendi kuguswa wala kelele, mwingine akishika jambo moja haliachi. Akasema wasomi bado wanajiuliza: kama vichwa hivyo vingekuwa hasara tupu, mbona havikuisha tangu zamani zile watu wakiishi kwa kuwinda na kutafuta asali? Wengine wanadhani watu waliokuwa na mmoja kama huyo kati yao waliishi zaidi kuliko wale waliofanana wote. Wengine wanabisha. Bado wanatafuta.

Nikamwambia, "Mama, hao watafute polepole. Wewe twende nikuonyeshe shamba la shangazi ya baba yako."

Tukaenda. Hiyo chai ya Chelang'at mmeiona nyote mkipita. Juu yake iko sawa kama meza ya fundi. Ukiweka kikombe cha chai juu ya vichaka vyake hakimwagiki, mimi nimejaribu. Na shamba hilo lilibaki kidogo sana lisiwe lake. Hiyo ndiyo hadithi.

Miaka ile ya tisini, sisi wanawake wa kokwet yetu, yaani majirani wa mtelemko huu mmoja, tulikuwa na kikundi cha zamu. Leo tunachuma kwa huyu, kesho kwa yule. Sababu ni rahisi. Ukichuma shamba lako peke yako, ukifika mwisho, mwanzo umeshakomaa na karani hautaki. Lakini wanawake wengi wakiingia pamoja, asubuhi moja shamba limeisha. Kutolewa kwenye zamu ilikuwa ni kuambiwa chai yako igeuke miti. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Hawakunichagua kwa busara, walinichagua kwa sauti. Nikiita kutoka juu, mtu wa kule mtoni anavaa gambuti.

Katika kikundi hicho alikuwemo Kerubo, mama Mkisii ambaye yeye na mume wake walinunua kipande hapa wakawa watu wa hapa. Kerubo alikuwa hawezi kukaa. Ukimpa mstari wa vichaka, anachuma vitatu, anaruka kwa mstari wa jirani, anakumbuka ameacha maharagwe motoni, anaenda, anarudi na habari ya ng'ombe wa mtu aliyezaa mapacha. Mstari wake ukiuangalia ni kama kichwa kilichonyolewa na mtoto. Nilimkemea mpaka nikapoteza sauti. Nikamweka katikati, mimi huku na mwenzangu kule, tumbane. Siku hiyo alichuma vibaya zaidi, na jioni alikuwa na uso wa mtu aliyetoka jela.

Mama mkwe wangu, ambaye hapa kwetu kila mtoto alimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa ameketi kwa nyasi akitutazama. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuma. Akaniuliza kwa nini nahangaika na mikono ya Kerubo wakati kazi yake iko kwa miguu. Basi kutoka siku hiyo Kerubo akawa wa kubeba. Anachukua vikapu vilivyojaa, anapeleka mahali pa kivuli, anarudisha vitupu, analeta maji, anapanda juu kusikiliza kama lori la kubeba majani limefika. Kikundi kikaanza kumaliza mapema. Na yeye akanenepa.

Kogo alinifundisha hivyo, kwamba usimgawie mtu kazi kabla hujamtazama. Nyinyi mtakaokuwa wanyapara na mameneja mshike hilo.

Sasa Chelang'at. Huyu alikuwa binti ya Kogo, dada ya mume wangu, kwa hivyo wifi yangu. Hakuolewa. Baba yake kabla ya kufa alimkatia kipande cha chai mbele ya wazee, akasema huyu asiondoke hapa. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi, anatembea akiangalia mahali ambapo wewe hauko. Ukimwambia chamgei anapita. Hapa kwetu mnajua kukosa kuitikia salamu ni nini. Ni afadhali umwibie mtu kuku. Ukimshika bega anaruka kama amechomwa. Tukianza kuimba shambani anajifunga leso masikioni.

Tena alikuwa na fito. Kijiti kirefu, chepesi, kilichonyooka. Wachumaji wote wa zamani walikuwa nacho: unakilaza juu ya vichaka, kinachosimama juu ya kijiti unachuma, kilicho chini unaacha kikue. Hivyo meza inabaki sawa na chai inazaa miaka mingi. Sisi tukiwa na haraka tulisahau kijiti, tukachuma kwa macho. Chelang'at hakusahau hata siku moja. Na akimaliza mstari wake anarudi kwa mstari wako, nyuma yako, anaanza kutoa ulichoruka. Hasemi kitu. Anachuma tu nyuma ya mgongo wako kama kuku anayefuata jembe. Hakuna kitu kinachokasirisha mwanamke kama hicho.

Msifikirie namfanya malaika. Kuna Jumapili mzee wa kanisa aliomba ombi refu, tukasema amina, na katika ule unyamavu Chelang'at akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hilo ombi ni lile la wiki iliyopita. Kisha akalirudia lote, neno kwa neno, pamoja na mahali mzee alipokohoa. Mume wangu aliangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha. Mimi niling'ata leso nisicheke.

Aliyemchukia zaidi alikuwa Bornes. Bornes alikuwa mweka hazina wa kikundi, mwanamke mwenye nguvu, mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi. Alisema Chelang'at anachelewesha watu, anadharau watu, na hata hajui kuimba. Akawashawishi wengine turuke zamu yake. Tukairuka. Ilipofika tena tukairuka tena, mimi nikipiga kelele na wao wakiinama kuchuma kama hawasikii. Chai yake ikaanza kunyoosha shingo. Chelang'at alichuma peke yake kutoka asubuhi mpaka jua linaingia, na mahali alipomaliza jana pameshainuka leo.

Hapo ndipo kaka yake Kimutai alipofungua mdomo. Kimutai ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, na kipande hicho kilikuwa kinamkereketa tangu baba afe. Alikuja kwangu akanywa mursik yangu, yale maziwa ya kibuyu, akafuta mdomo, akasema mtu asiyeweza kutunza chai hakuna haja aitwe mwenye chai. Kikundi kikimtoa, yeye atakichukua kipande, na Chelang'at akae jikoni kwa Kogo. Bornes naye akatangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa kikundi kitaketi na jambo liishe. Wengi walishakubali. Nilihesabu vichwa njiani nikirudi nyumbani, nikaona niko mimi na Kerubo.

Nilimwendea Kogo nikamwambia binti yake anatolewa. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Akaanza kunieleza jinsi Chelang'at alivyopewa jina la ukoo. Nyinyi wengine hamkuona desturi hiyo, basi nieleze. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee wanakaa naye, wanamgusisha ugoro kidogo puani, wanaita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya lingine. Jina ambalo likitajwa mtoto anapiga chafya, huyo ndiye amerudi.

"Tuliita wale wazuri wote, akatuangalia tu," Kogo akasema. "Tukabaki na Taprandich. Hakuna aliyemtaka. Taprandich alikuwa hasalimii mtu, anazunguka msituni peke yake, anaonja majani kama mbuzi. Lakini njaa ile kubwa ilipokuja, yeye ndiye aliyejua mboga ipi inaua na ipi haiui. Watu wa nyumba hii walikula kutoka mkono wake. Tulitaja jina lake ili tusimkasirishe, na mtoto akapiga chafya."

Nikamuuliza kama hawakuogopa.

"Wa namna hiyo lazima arudi," akasema. "Asiporudi, hapo ndipo uogope."

Mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya waliokufa kurudi namwachia Mungu. Lakini nilipotembea kwenda nyumbani nilianza kutazama ile nyumba niliyoolewa. Kuna mjomba wa mume wangu aliyejua kila ng'ombe kwa kwato zake kwenye tope na hakujua jina la mke wa jirani. Kuna shangazi aliyekaa na nyuki. Kila kizazi mmoja. Hawakuwa wagonjwa, na hawakuwa kama sisi. Na nyumba haikufa. Cherono aliponiambia maswali ya wasomi wake, nilikuwa nimeshalala na swali hilo miaka mingi.

Basi. Kabla Jumapili haijafika, ikafika siku ya lori.

Ulikuwa wakati wa ile mvua ya El Nino. Barabara ilikuwa uji. Tulichuma asubuhi kwa Bornes, chai nyingi, nzuri, na kwa sababu wingu lilikuwa linashuka Bornes akatuharakisha: shindilia, shindilia, magunia yawe machache. Tukashindilia kwa ngumi na hata kwa magoti. Chelang'at alikuwa nyuma yetu na fito, hakuna aliyemsemesha. Kerubo akabeba, tukafika kituo cha kununua majani saa sita. Watu wa vilima vingine walikuwa wameshajaa. Lori hakuna.

Tukangoja. Nyinyi hamjui kungoja lori la majani. Ni kama kungoja mtoto azaliwe, tofauti ni kwamba huyu akichelewa anaoza. Wanawake wakaketi juu ya magunia wakisuka na kupiga porojo. Mvua ilikuwa imekatika, hewa nzito.

Chelang'at alikuwa hakai. Alizunguka magunia yetu akifunika pua kwa leso. Anakwenda mbali, anarudi, anafunika pua. Mimi sikunusa chochote isipokuwa matope na jasho letu. Halafu akainama juu ya gunia la Bornes, akafungua kamba, akalipindua. Majani yote chini, kwenye sakafu ya kituo.

Akashika gunia la pili, akalipindua. Bornes akafika kama nyati, akamshika mkono, na Chelang'at akapiga ukelele ule wake wa mtu anayechinjwa, lakini gunia hakuliacha. Wanawake wakasimama. Karani, kijana mpole wa miwani, akasema kutoka kwa mizani yake kwamba majani yakiingia matope hatayapokea, hiyo si yeye, hiyo ni sheria. Bornes akanigeukia.

"Bot Kipkoech, mtoe huyu mtu wako, au leo nitamtoa mimi."

Bot Kipkoech ni mimi, mama yake Kipkoech. Na wote walikuwa wananiangalia. Nikifunga magunia, Chelang'at ameisha, hata Jumapili haitahitajika. Nikimwachia na majani yaharibike, tumeisha sote. Nikafanya kitu ambacho mchumaji anafanya. Niliingiza mkono ndani ya gunia ambalo lilikuwa bado limefungwa, mpaka kwapani.

Kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayelalia mayai.

Nikavuta konzi ya majani ya katikati nikainusa. Harufu tamu, ya ndizi zinazoanza kulegea. Kidogo sana. Yeye alikuwa ameinusa kwa umbali, ndani ya gunia, kupitia matope na jasho la kituo kizima, na kwake ilikuwa kelele.

"Mwageni yote," nikasema. Na sauti yangu mnaijua.

Kerubo alikuwa wa kwanza. Kisha wengine, wakinung'unika. Tulivua leso, tukatandika maturubai, tukachukua mabenchi ya karani, tukamwaga majani na kuyatandaza mepesi, mepesi, kama mtu anayeanika wimbi. Bornes alisimama amefunga mikono kifuani. Halafu akaingiza mkono katika gunia lake la mwisho, akautoa haraka, akavua leso yake mpya ya arusi ya dada yake akaitandika chini. Watu wa vilima vingine walitucheka. Waliuliza kama tunafungua duka.

Chelang'at akaanza kupita kati ya majani akiyageuza kwa viganja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tena kutoka mwanzo. Hakuna aliyemwambia. Aligeuza mpaka nywele zake zikashika majani.

Lakini majani yaliyotandazwa nayo yana saa yake, na lori bado. Nikamtafuta Kerubo, hayuko. Mmoja akasema ametoroka kazi kama kawaida yake. Kumbe alikuwa ameshindwa kungoja. Alikimbia barabarani upande wa lori linakotoka, akalikuta limezama kwenye tope pale kwenye kona ya chini, dereva amelala ndani amefunika uso kwa kofia. Kerubo akamwamsha kwa matusi ya Kikisii. Kisha akaingia katika shamba lililokuwa limetoka kukatwa vichwa vya chai, akaomba yale matawi, akawaita wanaume waliokuwa wakinywa chai kwenye duka, na alivyokuwa na mdomo wakaona ni rahisi kusukuma lori kuliko kumsikiliza. Wakaweka matawi chini ya magurudumu. Likatoka.

Jua lilikuwa bado juu ya miti tuliposikia injini. Kerubo alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, matope mpaka kwenye nyusi, akipunga mkono kama mke wa chifu.

Karani akaanza kupima. Akafika kwetu, akaingiza mkono katikati ya majani, akayainua kwenye mwanga, akayanusa, akaingiza tena mahali pengine. Akaandika yote. Hakutoa hata konzi moja. Alipofungua magunia ya wenzetu waliotucheka, mvuke ulitoka. Ndani majani yalikuwa mekundu kama udongo wa shimo. Wanawake wale walilia, na mimi sikuwacheka, maana gunia la chai iliyokufa ni ada ya shule iliyokufa. Tuliwasaidia kuokoa ya juu. Lakini nikiwa naokoa, moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Siwezi kudanganya.

Jumapili ikafika. Kikundi kikaketi nyuma ya kanisa kwenye nyasi, kama Bornes alivyopanga. Kimutai naye alikuja akaegemea ua, amevaa koti. Chelang'at aliketi pembeni, akinyoosha kwa kisu fito mpya. Nilikuwa nimepanga hotuba usiku mzima nikigeukageuka kitandani, mambo ya Taprandich, mambo ya Kerubo, kwamba kikundi chenye vichwa vya aina moja kingekuwa sasa kinalia na magunia mekundu. Sikupata nafasi. Bornes alisimama kwanza.

Bornes alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Alisema aliyesema Chelang'at atoke ni yeye, na anayesema abaki ni yeye. Akasema kutoka sasa hakuna gunia litakalofungwa kabla Chelang'at hajaweka pua. Wanawake wakaitikia. Kisha Bornes, kwa sababu ni Bornes, akataka faida papo hapo. Chai yake ilikuwa haijaisha siku ile ya mvua.

"Basi kesho tuanze kwangu tumalizie," akasema. "Na Chelang'at, wewe utakuja na mimi mbele."

Alisema kwa upole. Kwa Bornes hilo lilikuwa kama kumkumbatia mtu. Tukamgeukia Chelang'at. Alikuwa anaangalia fito yake, jicho moja limefungwa, kuona kama imenyooka.

"Kesho si zamu yako," akasema. "Kesho ni zamu yangu."

Nikafikiri, ee Mungu, tumempata na tumempoteza. Bornes alisimama mdomo wazi. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika. Bornes alicheka mpaka akaketi chini, na Kerubo akadondoka juu yake, na sisi wote tukacheka nyuma ya kanisa mpaka mzee wa kanisa akatoka kuuliza kuna nini. Maana ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeiruka mara mbili, na yeye pekee ndiye aliyekuwa bado anafuata zamu.

Asubuhi, ukungu haujainuka, nilisimama juu nikaita. Haikuhitajika. Kikundi chote kilikuwa kimeshaingia katika chai ya Chelang'at, Bornes mbele, kila mwanamke na kijiti chake. Kimutai alikuja na koti lake mpaka kwenye njia. Aliangalia ile migongo yote iliyoinama, akageuka akaenda zake kukamua ng'ombe. Tulichuma mpaka kichaka cha mwisho. Hatukuimba. Chelang'at hakutuambia asante. Alipita nyuma yetu na fito yake mpya, akitoa tulichoruka, na alipofika nyuma ya Bornes, Bornes akasogea kando kidogo ampishe.